Kizuri Chajiuza? Maneno ya Matangazo ya Biashara Ndogo katika Mkoa wa Singida

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ni miongoni mwa hukumu kali ambazo lugha ya Kiswahili imepata kuzitoa juu ya matangazo ya biashara. Kwa mujibu wake, kitu chema hakihitaji msemaji. Na anayekizungusha kitu chake mbele za watu amekwisha kukiri, hata kabla hajafumbua kinywa, kwamba kina kasoro. Methali hii hutajwa zaidi katika malezi ya vijana kuliko katika mambo ya duka. Walakini vitenzi vyake vyote viwili ni vya sokoni, na ni haki virudishwe sokoni vikapimwe.

Kutembeza, katika matumizi ya kila siku, ni kuchukua bidhaa begani au mkononi na kuipitisha mlango kwa mlango. Kutangaza nako kwaelekea kuwa na udugu na kutanga, yaani kwenda huku na huko; habari iliyotangazwa ni habari iliyotembezwa. Kwa hiyo methali haimlaumu mchuuzi peke yake. Yamlaumu kila anayetangaza, na yafanya hivyo kwa kudhani jambo moja ambalo haikulisema: kwamba mnunuzi amekwisha kufika, amesimama mbele ya kitu, na anaweza kukitazama. Ni methali ya mahali penye watu wengi. Yafaa kuuliza thamani yake mahali ambapo watu ni wachache na njia ni ndefu.

Mkoa wa Singida, ulioundwa mwaka 1963, ni mahali pa namna hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliwakuta watu 2,008,058 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 49,000, yaani watu kama 40 tu kwa kila kilomita moja ya mraba, ilhali Dar es Salaam wamepita 3,000. Wanyaturu, Wanyiramba na jirani zao si wageni wa biashara. Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wanyaturu, alieleza kwa kirefu jinsi walivyopima thamani ya nafaka kwa mifugo na mifugo kwa nafaka kwa hesabu ya makini. Kilicho kigeni si kuuza. Kilicho kigeni ni kumuuzia mtu usiyemjua, anayepita kwa gari, asiyewajua wazazi wako wala shamba lako. Mtu huyo hana budi kuambiwa. Swali ni aambiweje, na kwa gharama gani.

Gharama yenyewe si jambo dogo. Mwezi wa Desemba 2018, serikali ya Rais John Magufuli ilipotoa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo kwa Sh. 20,000 kila kimoja, ilimtaja mdogo kuwa ni yule ambaye mauzo yake hayapiti Sh. milioni 4 kwa mwaka. Mauzo hayo, yakigawanywa kwa siku, hayafiki Sh. 11,000, na ndani yake mna mtaji, nauli na chakula cha watoto. Mtu wa kiasi hicho hawezi kulipia gazeti wala bango la chuma barabarani, na ada ya bango kwa desturi hukadiriwa kwa ukubwa wake. Matangazo yake ni yale anayoweza kuyafanya kwa mkono wake, kwa kinywa chake, au kwa ukuta wake. Hayo matatu ndiyo yanayostahili kuhakikiwa hapa, maana ndani yake Kiswahili hufanya kazi bila ya msaada wa fedha.

I. Chupa juani

Katika barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Manyoni na Ikungi hadi Singida, na kuendelea Shelui na Igunga, msafiri huona meza za miti zilizopangwa chupa na madumu ya mafuta ya alizeti. Aghalabu hapana neno lo lote lililoandikwa. Jua hupita katika mafuta yakang'aa manjano, na mng'ao huo ndio tangazo. Yaelekea hapa methali imeshinda: kizuri kinajiuza.

Lakini ushindi huo una dosari mbili. Ya kwanza ni ya tabia ya mafuta yenyewe. Mwanga na joto huharakisha kuchacha kwa mafuta; chupa inayosimama juani tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, huupoteza uzuri ule ule inaouonyesha. Kizuri kinachojiuza, basi, huweza kuwa kibaya kwa kungoja. Muuzaji mwerevu huweka chupa moja ya kuonyesha na kuzificha za kuuza kivulini, na kwa kufanya hivyo amekwisha kugawa kitu na tangazo lake kuwa vitu viwili.

Dosari ya pili ni kubwa zaidi. Rangi ya manjano haisemi yaliyomo. Mafuta ya alizeti yaliyochanganywa na mafuta mengine ya bei ya chini hung'aa vile vile mbele ya dereva mwenye haraka. Kiwanda kikubwa hujibu shaka hiyo kwa karatasi iliyobandikwa juu ya chupa na nembo ya Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975. Mwenye meza ya miti hujibu kwa neno moja: safi. Neno hilo ni tamu, lakini kila meza inalo, na neno ambalo kila mtu analo halimtofautishi mtu na mwenziwe. Kinachoweza kumtofautisha ni jina lake, mahali mashine yake ilipo, na namba ya simu ambayo mnunuzi aliyedanganywa aweza kuipiga akiwa Mwanza. Jina katika tangazo dogo si pambo. Ni dhamana, na pengine ni dhamana pekee aliyo nayo maskini.

II. Kinywa mnadani

Neno mnada lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa kunadi, yaani kuita kwa sauti. Katika bara la Tanzania maana yake imepanuka: mnada ni soko la siku maalumu, ambapo ng'ombe, nguo, vitunguu na vyombo hukutana uwanjani mara moja kwa juma au kwa mwezi. Soko hilo limeitwa kwa jina la matangazo yake, na lugha haikukosea. Sauti ndiyo inayolifanya.

Mwenye kunadi vyombo husimama juu ya turubai na kuanza na bei ambayo yeye mwenyewe anajua haitalipwa. Si elfu kumi, husema, wala si elfu nane. Kisha huteremka, na kila anapoteremka huongeza kitu juu ya fungu: sahani, halafu kijiko, halafu kipande cha sabuni. Kukanusha hutangulia, nyongeza hufuata, na bei ya kweli hutajwa mwisho, fupi na yenye kishindo. Ustadi wa mpango huo si wa kudharauliwa. Msikilizaji hufanywa ahesabu pamoja na msemaji, na anapofika mwisho huona kana kwamba bei ni ushindi wake mwenyewe. Aidha, mnadi huwatazama watu wake. Akiona mama ameshika pindo la kanga penye fundo la fedha, humgeukia yeye. Akiona kijana anacheka, humfanya kijana huyo kuwa shahidi. Maneno yake hayafanani mara mbili.

Nyongeza inastahili kuangaliwa kwa upekee, maana hupita maneno. Muuza vitunguu au dagaa hupima kwa kisado, na akisha kujaza hutupia konzi moja juu. Konzi hiyo ni tangazo la gharama ndogo kabisa: mnunuzi huondoka nayo nyumbani na kuisimulia. Na jina la kipimo chenyewe ni somo kwa wasomi wa lugha. Kisado, au kisadolini, ni kopo la lita 4 lililokuwa na rangi ya Sadolin. Kampuni ya rangi imepata kuingizwa katika kamusi ya mdomo ya masoko yote, bila kulipa hata senti, kwa sababu tu kopo lake lilikuwa imara na kila mtu alilijua. Hakuna tangazo la kununuliwa lililopata kufika hapo.

Siku hizi sauti ya mnadi inashindana na spika ndogo ya betri iliyotiwa maneno yaliyorekodiwa. Manufaa yake ni dhahiri: haichoki, haikauki koo, na yule asiye na kipaji cha kusema huweza kununua sauti ya mwenye kipaji. Hasara yake ni kwamba haioni mtu. Hurudia sentensi ile ile mbele ya anayekuja na mbele ya anayeondoka, kwa mtoto na kwa mzee. Na mahali penye spika tano, maneno yote hugeuka kuwa uvumi mmoja. Takriri ni silaha ya zamani ya washairi, lakini kwa mshairi kila rudio huwa na kazi. Takriri ya mashine hurudia kwa kuwa betri haijakwisha.

III. Kibao

Kibao kidogo cha mti au cha bati ndicho andiko fupi kuliko yote ya Kiswahili, na huenda ndilo linalosomwa na watu wengi zaidi. Kizuri chao ni kile kisemacho MKAA UPO. Ni maneno mawili tu. Hakuna sifa, hakuna ahadi, wala hakuna mtendaji. Kuna jina la kitu na hakika ya kuwapo kwake. Kiungo cha -po, ambacho wanafunzi wa sarufi hukiona kuwa jambo dogo, ndicho kilichobeba mzigo wote: mkaa upo hapa, mahali hapa hasa kilipo kibao, na sasa hivi. Ulinganifu nao unatunzwa kwa uaminifu: mkaa upo, maziwa yapo, mayai yapo. Zaidi ya hayo, tamko hilo ni la kweli au la uongo, wala halina njia ya katikati. Mkaa ukiisha, kibao hicho kinasema uongo, na mwenye adabu hukigeuza au hukiondoa.

Kinyume chake ni mtindo uliotoka katika matangazo ya redio na magazeti: JIPATIE BIDHAA BORA KWA BEI NAFUU. Sarufi yake haina kosa, lakini haina habari pia. Bidhaa ipi? Bora kuliko nini? Nafuu kwa nani? Neno nafuu lilikuwa na utu ndani yake. Mgonjwa hupata nafuu. Bei nafuu, kwa asili, ni bei inayompunguzia mtu maumivu. Kwa kuandikwa kila ukuta limechakaa hata halimgusi mtu. Magazeti ya Kiswahili ya katikati ya karne ya 20 yalijaa matangazo ya baiskeli, sabuni na dawa, mengi yakiwa na harufu ya tafsiri. Jipatie ni mjukuu wa maneno hayo. Mwenye kampuni kubwa aweza kusema hivyo, kwa kuwa jina lake linajulikana tayari na kazi ya tangazo ni kulikumbusha tu. Mwenye kibanda cha mayai huko Ilongero au Kiomboi akiiga kauli hiyo, anatumia rangi yake chache kusema neno lisilomhusu.

Ndani ya duka hali hubadilika. Ukuta wa nje huita, ukuta wa ndani huzuia. Juu ya rafu huandikwa kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Au kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni ajabu kwamba mahali ambapo mwenye duka angeweza kuendelea kusifu vitu vyake, huchagua methali za kumwonya mteja. Pengine si ajabu. Nje amesimama mgeni, ndani amesimama jirani. Na jirani hahitaji kuvutwa, ahitaji kukumbushwa. Hapo methali inafanya kazi yake ya kale: kumkatalia mtu bila kumvunjia heshima, kwa kuwa anayekataa si mwenye duka, ni wahenga.

Kuna pia kibao cha kinyume, ambacho msafiri hukiona mijini na vijijini: NYUMBA HII HAIUZWI. Kimeandikwa kwa rangi ile ile na mkono ule ule, lakini kazi yake ni kumfukuza mnunuzi, hasa yule aliyeletwa na tapeli au na ndugu asiye mwaminifu. Kibao hicho chaonyesha uzito ambao watu huupa ukuta. Lililoandikwa ukutani huhesabiwa kuwa ni kauli ya mwenye nyumba, naye hushikwa kwalo.

IV. Ukuta uliopakwa bure

Kwa sababu hiyo jambo linalofuata lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika miji na vituo vya mkoa, kama ilivyo Tanzania nzima, maduka mengi madogo yamepakwa rangi za kampuni za simu au za vinywaji baridi. Kampuni huleta rangi na fundi. Mwenye duka halipi kitu. Jina la kampuni huchukua ukuta mzima kwa herufi za urefu wa mkono, na jina la duka, likiwapo, hupewa nafasi juu ya mlango, dogo kama sahihi chini ya barua ya mtu mwingine.

Yafaa kuwa na haki hapa. Mwenye duka hakudanganywa. Rangi huulinda ukuta na mvua na vumbi. Duka lililopakwa huonekana kwa mbali. Na tangu mwaka 2008, ilipoanza Tanzania huduma ya M-Pesa, watu wengi hutafuta kwa macho rangi ya mtandao wao kabla hawajatafuta jina la mtu. Kwa mtu mwenye mauzo ya Sh. 11,000 kwa siku, ukuta uliopakwa bure ni msaada wa kweli. Anayemcheka kwa kuukubali hajapata kununua kopo la rangi.

Hata hivyo, hesabu ya gharama haikomi kwenye fedha. Neno lililoenea pamoja na rangi hizo ni WAKALA. Kwa sheria na kwa lugha, wakala ni mtu asimamaye mahali pa mwingine. Zamani kibao kilisema duka la fulani, na kiungo cha -a kilitangaza umiliki. Sasa kinasema wakala, na umiliki umehamia kwa asiyekuwapo. Mabadiliko ya neno moja yamembadilisha mwenye mali kuwa mwakilishi katika ukuta wake mwenyewe. Msafiri anayepita hukumbuka kwamba aliona duka jekundu au duka la buluu. Hakumbuki ni la nani. Na akirudi mwaka wa pili hatalipata, maana maduka mekundu yako hamsini.

Mfano wa zamani waonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa vingine. Nguo za kanga za nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilibeba alama iliyowekwa pembeni, K.H.E., pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Mwanamke aliyejifunga kanga hiyo alilibeba tangazo bila malipo, kama ukuta ulivyolibeba la kampuni. Lakini katikati ya nguo, mahali pa heshima, palikuwa na jina, yaani ule usemi ambao mvaaji aliuchagua ili kusema la kwake. Muuzaji alikaa pembeni, na msemaji alikaa katikati. Ukuta wa Singida umegeuza mpango huo, na hiyo ndiyo kasoro yake. Si kwamba rangi ni ya kampuni. Ni kwamba katikati hapakuachwa mahali pa mwenyewe.

V. Jina la mahali

Liko tangazo jingine ambalo mkoa mzima unalo bila kulipia, nalo ni jina lake. Huko Dar es Salaam muuza kuku asemaye kuku wa Singida amekwisha kupandisha bei. Sifa inayoambatana nalo ni kienyeji, na historia ya neno hili ni ya kufurahisha. Mwenyeji ni mwenye mji. Katika siku za utawala wa kigeni, jambo la kienyeji aghalabu lilikuwa jambo la nyuma, lililosubiri kustaarabishwa. Leo, penye kuku wa kisasa walionenepeshwa kwa majuma machache, kienyeji ni neno la utamu na la afya, na mnunuzi hulilipia. Soko limelirudishia neno heshima ambayo wasomi hawakuweza kulirudishia kwa hoja.

Lakini jina la wote halina mlinzi. Kila anayeuza kuku mahali po pote aweza kusema ni wa Singida, na kila anayejaza dumu aweza kusema ni alizeti ya Singida. Wala mfugaji wa Mkalama hawezi kumwuliza. Hata matangazo ya simu, yaliyo rahisi kuliko yote, hayajaondoa tatizo hilo. Picha ya kuku hutumwa kwa watu mia kwa mara moja, lakini bei hufichwa kwa neno njoo inboksi, na picha yenyewe yaweza kuwa ya kuku wa mtu mwingine. Chombo ni kipya. Upungufu ni ule ule wa meza ya barabarani, yaani kutojulikana ni nani asemaye.

Basi methali ipewe hukumu gani? Ni ya kweli palipo na macho ya mnunuzi, na si ya kweli palipo na umbali. Kizuri cha Singida hakijiuzi, kwa kuwa hakuna wa kukitazama mpaka aambiwe. Hakina budi kutembea, na kutembea kwake si aibu. Aibu ni kutembea bila jina. Kwa kipimo hicho, kibao kisemacho MKAA UPO, kikiongezwa jina la mwenye mkaa na bei ya gunia, kinaushinda ukuta mkubwa uliopakwa bure na kinaishinda spika isiyonyamaza. Gharama yake ni kipande cha bati, kopo dogo la rangi, na mtu aliye tayari kushikwa kwa neno lake.

Kazi ya wasomi wa Kiswahili katika jambo hili ni ya haraka kidogo. Semi za kanga zimekusanywa na kuandikiwa vitabu; maandishi ya mabasi nayo yamepata waangalizi. Vibao vya bati na vya mbao za makasha havidumu misimu mingi ya mvua, na kila ukuta unaopakwa upya hufunika andiko lililokuwako. Kama maneno ya wauza mkaa, mayai na mafuta hayakunakiliwa sasa, pamoja na mahali na mwaka yalikoonekana, kizazi kijacho kitaihukumu lugha ya biashara ya Kiswahili kwa ushahidi wa kampuni peke yake.